Mtutu Kung'aa Si Kipimo cha Bunduki Kongwe

"Mtutu unang'aa kama kioo, kwa hiyo bunduki ni nzima." Maneno haya hurudiwa kila Mauser au Winchester ya zamani inapotafutiwa mnunuzi, na yanawatia watu hasara ambayo ingeepukika kwa ukaguzi wa nusu saa.

Mng'ao hutengenezwa. Unga wa kusugulia na ufito wa kusafishia vinatosha kuufanya mtutu uliochakaa upendeze. Shabaha hutegemea kingo za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, hasa inchi chache mbele ya chemba (sehemu ya nyuma ambamo risasi hukaa), sehemu tunayoiita koo. Gesi ya moto huanza kula pale, na baruti ya cordite, iliyojazwa katika risasi nyingi za Uingereza, ina joto kali mno kwa koo. Ukichungulia kutoka mdomoni tu hutaliona vizuri. Hakikisha hakuna risasi, toa bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, kisha pitisha boroskopu, kifaa chembamba cha kuchungulia ndani, kutoka nyuma. Kingo zikianza kufifia polepole na chuma kikiwa na nyufa ndogo zilizosambaa, koo limekwisha hata kama sehemu nyingine zote zinametameta.

Upande wa pili, mtutu wenye ukungu na vijitundu vidogo, lakini wenye kingo kali, mara nyingi hupiga vizuri. Tabu yake ni kunasa shaba na kuchukua muda kusafishwa. Vijitundu hivyo kwa kawaida vimeletwa na fataki (viwashio vidogo vya kitakoni mwa ganda la risasi) za zamani zenye potassium chlorate: zikiwaka huacha chumvi inayovuta unyevu. Chumvi hiyo huyeyushwa na maji, mafuta hayaifanyi kitu, ndiyo maana bunduki iliyopakwa mafuta kwa bidii ilioza vilevile. Mimi ningechukua mtutu huo kabla ya ule uliosuguliwa.

Kuna pia kipimo cha kutumbukiza ncha ya risasi bandia mdomoni na kuangalia inazama kiasi gani. Kinategemea sana umbo la ncha, na kinakueleza habari za mdomo peke yake. Mdomo uliolika kwa sababu ya ufito kuingizwa kutoka mbele, fundi anaweza kuukata kidogo na kuuchonga upya. Koo haliponi kirahisi hivyo.

Sasa hedispesi, yaani nafasi kati ya uso wa bolti na pale ganda la risasi linapoegemea ndani ya chemba. Hupimwa kwa geji, vipande vya chuma vyenye umbo la risasi: GO ni fupi, NO-GO ni ndefu zaidi, na FIELD ndiyo ndefu kuliko zote. Ikizidi, ganda hurefuka, hupasuka karibu na kitako chake, na gesi hurudi usoni mwa mpigaji. Vua pini ya kugonga na kitu chochote kinachoisukuma geji, kisha funga bolti kwa nguvu ya kidole tu. Lazima ifunge juu ya geji ya GO. Ikifunga juu ya NO-GO, vitabu vingine hukataa bunduki papo hapo. Kwa bunduki iliyotumika hukumu hiyo ni ya haraka mno, maana chemba nyingi za kijeshi zilichongwa kwa ulegevu. Ikifunga juu ya FIELD, usiipige. Geji iwe ya risasi ileile: .30-06 huegemea bega la ganda, .303 ukingo wake, .375 H&H mkanda wake. Namba ya bolti isipolingana na ya resiva, yaani mwili wa chuma ambamo bolti huingia, usikubali kabla geji haijaingia. Kagua pia vishikizo vya bolti (meno yanayoikaza inapofungwa) na mahali vinapokaa ndani ya resiva. Pakiwa pamebonyea, hedispesi itaendelea kukua.

Kosa linalonikera kuliko yote ni kudhani kila Mauser ya 8x57 (jina la aina ya risasi yake) inakula risasi moja. Ile iliyoandikwa I au J ina risasi ya kipenyo cha inchi .318, IS au JS ni .323. Kulazimisha ya pili katika mtutu wa kwanza kunapandisha shinikizo kwa hatari. Bunduki za kuwindia za kipenyo kidogo ziliendelea kutengenezwa hata baada ya jeshi la Ujerumani kuhamia kipenyo kikubwa, kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa hautoshi kukuamulia. Sukuma kipande laini cha madini tupu ya risasi ndani ya mtutu, kitoe, kipime kwa mikromita.

Springfield M1903, bunduki ya kijeshi ya Marekani, ya kiwanda cha Springfield yenye namba chini ya 800,000, au ya Rock Island chini ya 285,507, iache ukutani. Chuma chake kinaweza kuwa kikavu cha kuvunjika.

Winchester Model 70 ya kabla ya 1964 inatafutwa kwa sababu ya ukucha mkubwa unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Kwa mnyama hatari hilo lina thamani. Kwa swala, ya baadaye nzima ni bora kuliko ya kale iliyochoka.

Ubao: tafuta ufa nyuma ya resiva na kwenye shingo ya kitako. Chuma: herufi zilizofifia na kingo zilizoviringwa zinaonyesha kimesuguliwa na kupakwa upya. Kifungio cha usalama: kifunge, vuta kifyatulio, kiachie, kisha fungua, pini ikianguka, kuna ugonjwa.

Baada ya hapo piga makundi matatu ya risasi tano kwenye karatasi, ukiacha mtutu upoe kila mara, kwa kuwa jicho na geji haviwezi kutabiri shabaha. Resiva ikiwa nzima na koo likiwa limekwisha, ondoa gharama ya mtutu mpya katika bei. Muuzaji akikataa, mrudishie bunduki yake.