Kuweza Kukanyaga si Dalili ya Mfupa Mzima

Karibu kila wiki katika kliniki yetu hapa Nakuru huingia dereva au taniboi akichechemea, aliyeanguka akishuka kwenye lori siku saba au kumi zilizopita, na neno lake la kwanza ni lilelile: "Daktari, sikuvunjika, maana niliweza kukanyaga." Dhana hii imewalemaza wengi. Mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu anaweza kuuvunja karibu na kifundo na bado akatembea hadi stejini. Kisigino nacho, ambacho ndicho hupokea kishindo cha aliyeruka kutoka kimo cha zaidi ya mita moja, kinaweza kupasuka ndani bila ngozi kuchanika. Ukiona damu imevilia chini ya wayo siku moja au mbili baadaye, usingoje tena, nenda ukapigwe eksirei. Aliyevunjika kisigino kwa namna hiyo lazima achunguzwe uti wa mgongo pia, kwa sababu takriban mmoja kati ya kumi huwa ameumia pingili za mgongo, na maumivu ya mguu huweza kuyafunika yale ya kiunoni. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wengi hupitia kwanza kwa mkandaji, ambaye huvuta na kusugua mpaka vipande vilivyokuwa vimetulia vikasogea.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuruka kutoka kwenye lori ni ujuzi wa wazoefu, lakini wanajidanganya. Miguu iliyokaa kitini tangu mpakani Malaba huwa imekufa ganzi, na tope la mashamba ya miwa ya Muhoroni halimjui mzoefu. Shuka ukilitazama lori, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, ikiwa imeshika wakati wote, wala usining'inie kwenye mlango, kwa kuwa mlango huyumba.

Vilevile nasikia kwamba aliyeteleza mwenyewe hana fidia. Si kweli: sheria ya Kenya ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 haimtaki mfanyakazi athibitishe kosa la mwajiri. Humtaka amjulishe mapema, naye mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Kwa hiyo mweleze daktari waziwazi, siku ileile ya kwanza, kwamba ulianguka ukishuka kwenye lori la kazi, ili iandikwe kwenye faili yako.