Watoto pwani wakati wa kipupwe: yasemwayo na yalivyo

"Maji yakianza kujaa tutayaona, tutarudi."

Hili ndilo linalowaponza wengi upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Makunduchi hadi Paje. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa mpaka kiasi cha saa nne asubuhi. Watoto hufuatana na mama zao wanaokwenda kuchokoa pweza mwambani. Bahari hujaa kwa takriban saa sita, lakini haijai kwa mwendo mmoja: saa mbili za mwanzo hupanda robo tu, saa mbili zinazofuata hupanda nusu nzima. Bamvua la mita nne lina maana ya mita mbili za maji baina ya saa sita na saa nane mchana. Tena maji hayaanzii miguuni mwenu. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufukwe. Kwa hiyo anzeni kurudi maji yanapogeuka tu, msingoje yawafikie. Maji ya mapaja kwa mama ni ya kifua kwa mtoto wa miaka sita.

"Mwamba unazuia mawimbi, ndani ni salama."

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi, upepo utokao kusini, husukuma mawimbi yakapasukia juu ya mwamba, na maji yaliyoingia hutoka kwa nguvu kwenye milango ya kupitia ngarawa. Watoto wasiogelee karibu na milango hiyo, hasa maji yakitoka. Anayechukuliwa asishindane na mkondo: alale chali aelee, anyooshe mkono juu. Mtupieni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, likiwa na kamba. Asiyejua kuogelea asimfuate.

"Kwetu hakuna baridi ya kumdhuru mtoto."

Maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, na mwili mdogo hupoa haraka. Akitetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoeni, mvueni nguo mbichi, mkausheni, mfungeni kanga kavu, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari.

"Anayezama atapiga kelele."

Hapigi. Kinywa kiko majini. Mtu mzima mmoja akae karibu na wadogo akiwatazama, simu ibaki mfukoni.

"Aliyezama aning'inizwe kichwa chini maji yatoke."

Msifanye hivyo, wala msimbinye tumbo. Yanayotoka mengi ni ya tumboni, na matapishi huweza kuingia mapafuni huku dakika za kumwokoa zikipita. Kama hapumui, mlazeni chali pahala pagumu, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi 5 mkitazama kifua kinapanda. Asipozinduka, bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kizame kiasi cha thuluthi yake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2, mkirudia bila kukatisha huku mwengine akitafuta gari. Hata akizinduka na kuomba maji ya kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani kifua huweza kubana saa kadhaa baadaye.