Gemu ya runinga moja, wachezaji miji miwili: uongo unaozunguka na ukweli wake

Kuna gemu zilizotengenezwa kwa watu waliokaa pamoja mbele ya runinga moja, kila mtu na pedi yake mkononi. Overcooked ya 2016 ni hivyo, na Cuphead ya 2017 pia: ukitafuta sehemu ya kucheza na mtu wa mbali huioni, kwa sababu haipo. Rafiki akihamia Mwanza au Doha, wengi huona ndiyo basi tena. Ukiuliza watu, unapewa majibu ya kujiamini sana, na mengi si kweli.

"Kama haina online, haichezeki mtandaoni"

Inachezeka, kwa kuihadaa gemu yenyewe. Tangu 2019 Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ina huduma inayoitwa Remote Play Together. Gemu inaendeshwa kwenye kompyuta moja tu, ya mwenyeji. Picha na sauti zinarushwa kwa mgeni kama video, na vitufe anavyobonyeza mgeni vinarudi kwa mwenyeji. Gemu haina habari kwamba kuna mtu yuko mbali. Inachoona ni pedi mbili zilizochomekwa kwenye mashine moja. Parsec, programu ya kurusha skrini ya kompyuta kwa mtu wa mbali, nayo inafuata mtindo huohuo. Kwenye PlayStation kuna Share Play tangu 2014, ila kila baada ya dakika 60 inakatika na mnaianzisha upya.

"Lazima wote tuinunue"

Anainunua mwenyeji peke yake. Tangu 2021 mgeni wa Steam hahitaji hata akaunti: anatumiwa linki, anaifungua kwa programu ya Steam Link, hata kwenye simu. Kompyuta ya bei mbaya pia haimhusu, maana mzigo wake ni kuonyesha video tu. Na wanaoita huu wizi watulie, huduma imewekwa na duka lenyewe.

"Nina intaneti ya kasi, kwangu haitasumbua"

Huu ndio uongo unaoharibu jioni za watu wengi. Kwanza, kasi inayotangazwa kwenye vifurushi kwa kawaida ni ya kupakua, wakati mwenyeji kazi yake hapa ni kupakia. Unaweza kuangalia filamu bila shida yoyote na bado ukamrushia mwenzako picha ya viboksi viboksi.

Pili, kasi ni kitu kimoja na ucheleweshaji ni kingine. Mgeni akibonyeza kitufe cha kuruka, amri inasafiri hadi kwa mwenyeji, gemu inachora mruko, picha inabanwa, inatumwa, inafunguliwa, ndipo anajiona karuka. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75, na nyaya za baharini hazinyooki hivyo. Gemu ya picha 60 kwa sekunde hubadili picha kila milisekunde 17 hivi, kwa hiyo mgeni yuko nyuma picha nne na zaidi kabla hata vifaa havijaongeza vyao. Hakuna kifurushi kitakachofuta umbali huo.

Kwenye Overcooked kitunguu kikikatwa kwa kuchelewa kidogo hakuna anayekufa. Kwenye Cuphead, mgeni anapigwa risasi aliyoikwepa. Gemu za kupigana ndizo mbaya kuliko zote, kwani mwenyeji hacheleweshwi na mtandao hata kidogo na mgeni anaumia peke yake. Mimi kwa njia hii nisingekubali mechi ya kuwekeana dau. Mwenyeji awe yule mwenye kupakia kuzuri, na achomeke waya kwenye ruta badala ya kutegemea Wi-Fi inayopanda na kushuka.

"Gemu za mtandaoni hazili bando"

Gemu ya kawaida ya mtandaoni hutuma taarifa ndogo ndogo tu: nani yuko wapi, kafanya nini. Hapa unarusha video. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, saa moja ni GB 4.5, na zinakatwa pande zote mbili, kupakia kwa mwenyeji na kupakua kwa mgeni. Ukishusha hadi megabiti 5, unabaki na GB 2.25, ambazo kwa mtu wa bando la simu bado ni nyingi.

"Weka Hamachi, imeisha hiyo"

Hamachi ni programu inayofanya kompyuta zilizo mbali zionekane kama ziko mtandao mmoja wa ndani. Ni ya gemu za LAN, yaani za mtandao huo wa ndani, ambapo kila mtu ana mashine yake na nakala yake. Gemu ya runinga moja haina cha kuunganisha.

"Mgeni ataona kila kitu kwenye kompyuta yangu"

Inategemea. Steam inarusha gemu tu, na ukitoka nje ya gemu, mgeni haoni ulikokwenda. Parsec inaonyesha skrini nzima, pamoja na kila ujumbe unaochomoza pembeni. Kwa hiyo kwenye Parsec mkaribishe unayemfahamu, na WhatsApp ya kompyuta uifunge kabla hajaingia.