Shoti si jina la kila ubovu wa umeme

Kioo cha mlango hakishuki: shoti. Betri imelala asubuhi: shoti. Subaru WRX inakohoa ikipanda daraja la Nyali: shoti. Taa ya injini imewaka baada ya gari kuoshwa: shoti tu, maji yameingia. Neno hili hapa Mombasa limekuwa kama malaria ya zamani, wakati kila homa ilikuwa malaria, na dawa hutolewa vilevile, kabla ya kipimo. Mtu anasema shoti, tepu inachanwa kutoka boneti hadi buti, na gari linatoka gereji na ubovu wake ule ule pamoja na viungo kumi vipya vya waya.

Maana yenyewe haichukui muda. Shoti ni umeme kupata njia ya kurudi kwenye betri bila kupitia kwenye kazi uliyotumwa. Ulipaswa kupita kwenye balbu, pampu au mota ndipo urudi. Njiani ukakuta ganda la waya limechubuka na shaba inagusa bodi, basi ukarudi kwao kwa mkato. Kwa kuwa hakuna cha kuupunguza, unapita mwingi mno, waya inashika moto, na fyuzi inaungua ili waya isiungue. Basi.

Shida imeanzia kwenye jina. Waingereza waliita "short circuit", yaani saketi fupi, na ufupi huo si wa waya bali wa safari. Sisi tulichukua neno la kwanza tukaliacha la pili, kwa hiyo tulilobaki nalo ni "fupi" peke yake, na fupi ya nini, kila mtu anajaza mwenyewe. Kisha likagongana na neno jingine la Kiingereza linalosikika karibu sawa, "shock", la mtu kurushwa na umeme, na ulimi wetu ukayafanya moja. Ndiyo maana aliyeshika pasi mbovu husema amepigwa shoti, na aliyeunguza fyuzi naye husema kuna shoti, ilhali la kwanza limempata mwili na la pili limeipata waya. Kwenye gari tofauti hii ni kubwa. Betri ya volti 12 haimrushi mtu mwenye mikono mikavu, lakini spana ikilala kati ya nguzo zake mbili itakuwa nyekundu. Koili ya plagi nayo inaweza kumrusha fundi hadi agonge kichwa kwenye boneti, na gari hilo likawa halina shoti hata moja.

Kiswahili kilikuwa na shoti yake pia, ile ya farasi anapokwenda mbio. Kwa maana hiyo, gari la michezo linalopiga shoti ni gari zima, na mwenye nalo apongezwe.

Maneno kuhama maana si dhambi. Stima ilikuwa meli ya moshi kabla haijawa umeme wa nyumbani, na hakuna aliyepata hasara kwa hilo. Shoti ina hasara kwa sababu inamtuma fundi atafute kitu kilichogusana, wakati mara nyingi kilichotokea ni kinyume chake: kitu kimeachana, au kinagusana nusunusu.

Shoti ya kweli hujitambulisha kwa fyuzi. Fyuzi nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20, ya kijani 30. Ukiweka mpya ya ampea ile ile ikaungua papo hapo, sema shoti kwa sauti. Usiweke kubwa zaidi, wala usizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, maana hapo umeiambia waya iwe ndiyo fyuzi. Chukua balbu ya breki ya wati 21, uiunge kwenye matundu mawili ya fyuzi iliyoungua. Kwanza chomoa soketi za vifaa vyote vinavyolishwa na fyuzi hiyo, kwa sababu mota nzima nayo ingeiwasha balbu. Ikiwa bado inawaka kwa nguvu, umeme unarudi kwa mkato, na balbu haiuachii upite zaidi ya ampea 1.75 hivi, kwa hiyo waya haiungui unapotafuta. Sasa tikisa fungu la waya kipande kwa kipande. Balbu ikizimika au ikipepesa, mkono wako uko pale pale.

Pa kuanzia panajulikana: mpira wa waya kwenye bawaba ya mlango na ya buti, chini ya reli za viti, nyuma ya redio iliyowekwa na mtu mwingine, na karibu na turbo, ambako joto hukausha ganda la waya likavunjika kama biskuti. Magari yaliyoshushwa springi na kuvishwa tairi pana yana pake pa ziada. Tairi ikikata kona hula plastiki ya ndani ya madigadi, na waya zinazopita nyuma yake ndizo zinazofuata. Ukiona plastiki hiyo imelika, usihangaike na dashibodi.

Fyuzi isipoungua, katika magari mengi tunayoyaona hapa ubovu ni ukinzani. Umeme unafika, ila haufiki wote. Hewa yetu ya chumvi ndiyo mwalimu wa somo hili. Chumvi na unyevu huingia chini ya kituo cha ethi, pale waya nyeusi inapofungwa kwa boliti kwenye bodi, na shaba inaota unga wa kijani. (Ethi, yaani ardhi kwa Kiingereza, nayo ni jina la kuazima lisilokaa vizuri. Ya nyumbani huenda ardhini kwa fimbo. Gari limekaa juu ya mpira, na ethi yake ni bodi yenyewe iliyofungwa kwenye nguzo hasi ya betri.) Mazda MX-5 za vizazi viwili vya kwanza zina betri kwenye buti, kwa hiyo umeme wa stata hurudi nyuma kupitia bodi nzima, na kebo moja yenye kutu kati ya injini na bodi inatosha kulifanya gari lisite kuwaka. Hapo ndipo mtu huambiwa anunue stata.

Chukua pampu ya mafuta ya gari la turbo inayovuta ampea 12. Kituo chake cha ethi kimeingia kutu, kina ukinzani wa omu 0.2. Fundi anapima kwa mita ikiwa kwenye omu, anaona 0.4, anasema ni nzima, kwa sababu waya za mita ya bei rahisi zenyewe zina omu 0.2 au 0.3. Lakini ampea 12 mara omu 0.2 ni volti 2.4. Alteneta inatoa 13.8, pampu inapata 11.4. Kwenye foleni ya Likoni gari ni tulivu kabisa. Ukikanyaga, turbo inajaza hewa, mafuta hayatoshi, injini inakohoa na kugonga, na ukiendelea hivyo pistoni ndizo zinazolipa. Wakati huo kituo cha ethi kinakula wati 29 hivi, zaidi ya balbu ya breki, na ndiyo maana plastiki ya soketi huonekana imegeuka kahawia. Ukiona rangi hiyo kwenye soketi, usiulize maswali mengi.

Kipimo chake hufanywa umeme ukiwa kazini, si gari likiwa limezimwa. Mita iwe kwenye volti. Ncha nyeusi kwenye nguzo hasi yenyewe ya betri, si kwenye kibanio cha kebo. Ncha nyekundu kwenye waya ya ethi ya pampu, pampu ikifanya kazi. Ikisoma hadi volti 0.1 au 0.2, ethi ni nzima. Ikisoma 1 au 2, umempata. Upande wa chanya ni vivyo hivyo: nyekundu kwenye nguzo chanya, nyeusi kwenye waya ya chanya ya pampu. Kwa kebo ya stata usishangae volti 0.5 wakati wa kuwasha, kwani mzigo wake ni mkubwa. Tiba ni boliti kufunguliwa, msasa kupigwa hadi chuma king'ae, kukaza, na grisi kupakwa juu baada ya kukaza.

Betri kulala ni jambo jingine kabisa, na hapa neno shoti ndipo linapovaliwa vibaya zaidi. Shoti haiwezi kunyonya betri polepole wiki nzima; ingeunguza kitu siku ya kwanza. Kinachonyonya ni kifaa kizima kisichokubali kulala: alamu, traka, redio, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iliyoganda. Unga mita ya ampea, kwenye tundu la 10A, kati ya nguzo hasi na kebo yake, sukuma komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha ngoja dakika 30 hadi 60 kompyuta zote zilale. Inayobaki isizidi ampea 0.05. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaondoka. Sasa piga hesabu ya gari linalotoka Jumapili kwa Jumapili: likinyonywa ampea 0.5, kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ndogo ya ampea-saa 45 haimalizi siku nne. Mwenye gari ananunua betri, wiki inayofuata anarudi kulaumu duka.

Haki itendeke, kuna shoti isiyounguza fyuzi, na ni hii inayowachanganya hata walio makini. Sensa nyingi za injini, vile vipimio vinavyoipa kompyuta habari, hulishwa volti 5 na kompyuta yenyewe, na waya hiyo hugawanywa kwa sensa kadhaa. Ikichubuka ikagusa bodi, au sensa moja ikafa ndani, kompyuta hujilinda kwa kushusha volti 5 zote. Mashine ya kusomea ubovu hutoa misimbo mitano ya hitilafu kwa mpigo, ya sensa ambazo hazina kosa, na ukibahatika P0642 imo, inayosema volti hizo ziko chini. Usinunue sensa tano. Pima volti 5 kwenye soketi, chomoa sensa moja moja, na ile ambayo ukiichomoa volti zinarudi ndiyo yenye lawama. Zisiporudi hata baada ya kuzichomoa zote, tafuta waya.

Waya za mawasiliano ya kompyuta ni jamaa wa karibu. Ni mbili zilizosokotwa, zenye kinzani ya omu 120 kila mwisho. Kwenye magari mengi ya karibuni huzifikia kwenye soketi ya uchunguzi, pale mashine ya kusomea inapochomekwa, pini ya 6 na ya 14. Toa kebo ya betri, pima kati yake: 60 ni nzima, 120 ni upande mmoja umekatika, karibu na 0 ni shoti. Vipimo viwili vya mwisho huleta dalili karibu zile zile, dashibodi imejaa taa kama harusi, na kimoja tu ndicho shoti.

Kwa hiyo ukifika gereji usipeleke jina, peleka kinachotokea. "Fundi, fyuzi ya buluu inaungua papo hapo nikiwasha waipa" ni shoti, na hapo neno ni lako kwa haki. "Inakosa nguvu nikikanyaga, ikitulia iko sawa." "Betri inalala kila siku ya nne." Ukikosa maneno, sema umeme una hitilafu. Hitilafu halimtumi mtu kuchana tepu. Na wewe uliyeshika pasi, pole sana, ila ulirushwa na stima.