Sio jini mpaka tumempima: bangi, mnanaha na dawa za kilingeni

Mimi ni nesi, nilikaa mapokezi ya dharura miaka mingi na saivi nipo kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Huku kwetu mambo ya kupunga pepo, kufukiza na kuagua nimezaliwa nayo, bibi yangu alikuwa na chetezo chake, kwa hiyo msije mkasema huyu ni msomi anadharau mila. Ila kuna kitu kimoja nimekichoka kwelikweli, nacho ni mtu kuchanganyikiwa baada ya dawa za kilingeni, watu wakasubiri jini litoke, afu akaletwa kwangu siku ya tatu. Maswali haya ndo yale ninayoulizwa kila wiki.

Dawa zipi hasa watu wanapewa au wanajipa kwenye haya mambo?

Ya kwanza bangi, ya kuvuta, ya kufukiza au ya kupikwa kwenye chai na maandazi. Ya pili mnanaha, ule mti wa jalalani wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la miba miba, mbegu zake zinasagwa zinawekwa kwenye uji au majani yanachomwa. Afu kuna vijana wa simu, hawa wanajifunza uchawi wa kizungu wa mishumaa na duara la chaki, wao wanatafuta uyoga wa kuona maruweruwe na vikaratasi vya LSD vya kuweka chini ya ulimi. Na kuna kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini, ambayo muuzaji hakuambii.

Lakini si anaona kweli? Alitutajia hadi jina la marehemu babu.

Anaona, sikatai. Bangi inavuruga kipimo cha muda na hisia, inakuza sauti, kitu kidogo kinakuwa na maana kubwa mno, na ukiongeza giza, ngoma, njaa ya kufunga na watu kumi wanaokuambia "ongea, nani yupo mbele yako", ubongo utajibu tu. Jina la babu analijua, ni babu yake! Mnanaha ni habari nyingine kabisa. Hiyo sio stimu, hiyo ni sumu inayofunga mawasiliano ya neva mwilini, na mtu anaongea na watu ambao kwake wako pale kabisa, anawapokea sigara, anawafungulia mlango.

Nitoe mfano ambao hauna mganga ndani yake. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua baada ya kula uji wa msaada uliokuwa umeingia sumu ya mnanaha, watano wakafa. Walichanganyikiwa hivyohivyo. Hakuna aliyetambika, hakuna aliyeita mzimu, ulikuwa uji tu.

Nitajuaje kwamba ni mnanaha?

Mboni za macho zinapanuka mpaka macho yanakuwa meusi matupu, na hawezi kusoma au kuona kitu cha karibu. Mdomo unakauka hadi ulimi unagonga kama ubao. Mwili wa moto lakini hana jasho hata tone, hili mlishike maana vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu na kwa ngozi zetu nyekundu hiyo mtaingoja mpaka kesho. Moyo unakwenda mbio. Hakojoi, tumbo la chini limejaa. Na anachuna chuna hewani au kwenye shuka kama anaokota nyuzi.

Inaanza nusu saa hadi saa moja baada ya kunywa na inaweza kukaa siku nzima au mbili, kwa sababu sumu yenyewe inalifanya tumbo lilale, mbegu zinabaki mle zinaendelea kutoa. Afu hakuna kipimo salama cha jikoni, mti huu na ule jirani yake unaweza kuzidiana ukali mara kadhaa, kwa hiyo mganga akikuambia "mimi nimempa kijiko kile kile nilichompa shangazi yako" hajakuambia chochote.

Amekunywa dawa kwa mganga jana usiku, sasa anapiga kelele na hatujui anaongea na nani. Mganga anasema kapandisha, tusubiri jini lijitaje. Tusubiri?

Hapana.

Hata mpaka asubuhi?

Hapana, ndugu yangu. Hata mpaka bodaboda ya jirani irudi, tafuta nyingine. Mtu wa mnanaha anaweza kupata degedege, joto likapanda likaunguza ubongo, moyo ukaruka mapigo, au akatoka nje usiku akaingia kisimani kwa sababu ameona daraja. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni kwamba wengi wa hawa "waliopandisha" tukiwatoboa kidole tunakuta malaria imepanda kichwani, au sukari imeshuka kabisa. Kipimo cha malaria ni dakika kama kumi na tano. Cha sukari hata dakika haifiki! Jini gani litakimbia kwa sababu umesubiri dakika kumi na tano?

Ninachosema siku zote ni hiki: mleteni kwanza, tumpime, tukimaliza tukakuta kila kitu kizuri mtamrudisha mnapotaka. Wale wa kusomewa kisomo na wale wa maombi nawaambia hivohivo, msidhani nawasema waganga peke yao, mtu akiletwa kutoka kwenye mkesha wa maombi siku ya tatu na akiletwa kutoka kilingeni siku ya tatu kwangu mimi ni siku ya tatu tu.

Tumeshampa maziwa.

Najua. Kila mtu ameshampa maziwa. Maziwa hayakati sumu ya mnanaha wala ya bangi wala ya kitu chochote mlichompa, na mtu ambaye akili haipo vizuri ukimlaza chali ukambana pua anywe, maziwa yanaingia kwenye mapafu, na tumewahi kuhangaika na mapafu ya mtu kuliko ile sumu yenyewe. Na mafuta ya taa, maji ya chumvi na kidole kooni, hivyo vyote acheni. Msimtapishe. Msimpe maziwa. Mlaze kwa ubavu, toa vitu vya kuumiza hapo karibu, kama ana joto mvue nguo mpepee na kitambaa cha maji, mmoja akae naye, mwingine atafute usafiri.

Na kamba? Msimfunge kamba wala mnyororo. Mtu mwenye joto la sumu ukimfunga anapigana na kamba, joto linapanda zaidi, misuli inaharibika, figo zinafuata. Kama ni lazima kumshika, washike watu kwa mikono na asilaliwe kifuani wala kugandamizwa kifudifudi. Fimbo sitaki hata kuisikia. Fimbo haijawahi kumpiga jini, nimeshona ngozi za watu miaka yote hii na sijawahi kushona ya jini.

Tukija hospitali mtatuitia polisi?

Bangi Tanzania ni kosa, sheria ya 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya ipo na sitakudanganya kwamba haipo. Ila mimi pale mlangoni nashika mshipa wa mgonjwa, sishiki pingu, na mtu aliyezidiwa tunaanza na uhai wake, karatasi baadaye. Tena kunificha ndo kunamuua mgonjwa wako. Sikiliza vizuri: mtu akija amechachamaa na hatujaambiwa chochote, anaweza kuchomwa sindano ya klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, atulie. Kwa mtu wa mnanaha sindano hiyo ni kumwaga petroli, kwa sababu nayo inasukuma mwili upande uleule ambao sumu imeshausukuma. Tukijua ukweli tunatumia dawa nyingine, tunatoa mkojo kwa mpira, tunashusha joto, tunachunga moyo, na wengi wanatoka wenyewe kwa miguu yao. Kwa hiyo mnaposema "ameanza tu ghafla, hajala kitu" huku mama mkubwa anamkonyeza baba mdogo, nawaona.

Kama ilikuwa kokteli ni tofauti, huyo anasinzia, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi zinahesabika. Huyo kimbia naye.

Kijana wangu alikuwa anavuta skanka, ile bangi kali, na wenzake, wanasema wanafungua jicho la tatu. Ameacha kuvuta wiki tatu sasa lakini bado anasikia sauti, halali, anasema tivii inamtaja jina. Tumeambiwa kuna jini wa kurithi, dawa ni siku arobaini.

Mama, hili swali ndo lililonifanya nikae niandike.

Stimu ya bangi ya kuvuta inaisha ndani ya saa chache. Ya kula inachelewa, inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili ndo ipande, na hapo ndo watu wanaongeza andazi la pili wakidhani la kwanza halijafanya kazi, lakini nayo inaisha. Sauti za wiki tatu sio stimu. Huo ni ugonjwa wa akili umeanza, bangi imeufungulia mlango, na una dawa. Haloperido, risperido, olanzapini, vidonge vya kawaida kabisa.

Sasa hizo siku arobaini. Kadiri mtu anavyokaa na sauti bila matibabu ndivyo anavyochelewa kupona na ndivyo kazi, shule na marafiki vinavyopukutika. Siku arobaini zikiisha mtaambiwa jini ni mkaidi, mkafanye nyingine arobaini kwa mganga wa Bagamoyo au Sumbawanga, mbuzi mwingine, na kijana anakuja kwangu mwaka unaofuata hajaoga, ameuza simu, hamjui dada yake. Usisubiri arobaini. Usisubiri hata saba. Mlete wiki hii, na kama anataja kujiua au kuua mtu, au amekataa kula na kunywa, mlete leo.

Na akipata nafuu bangi aiache kabisa, sio kupunguza, sio "ya Arusha tu kwa sababu ni ya asili". Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha katika watu waliochanganyikiwa kwa bangi, takriban mmoja kati ya watatu baadaye anapata skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Hatari inazidi kwa aliyeanza angali kijana mdogo na kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili. Kwenye familia hizo ndo utasikia "wana mizimu ya ukoo", kwa hiyo kijana yuleyule asiyetakiwa hata kunusa ndo anachaguliwa avutishwe aongee na mizimu. Inanikera hadi nashindwa kumalizia chai.

Kuna jamaa wa Uingereza kwenye simu za hawa vijana, mwenye kipara, wanasema alikuwa mchawi mkubwa na alitumia dawa zote akapata nguvu.

Atakuwa Aleister Crowley. Ni kweli alitumia, mwaka 1909 alitoa makala kuhusu hashishi, yaani utomvu wa bangi, kama njia ya kufika kwenye hali za kiroho. Wasichowaonyesha kwenye video ni mwisho wake. Alikuwa na pumu, akaandikiwa heroini na daktari, enzi hizo ilikuwa dawa, na heroini ikamshika vibaya, alikufa 1947 Hastings bado anaitumia. Hiyo nguvu mnayoitafuta yeye mwenyewe haikumsaidia kuacha sindano.

Na hizo za makabila mengine, iboga, ayawaska, uyoga? Si wana mila yao?

Wanayo. Wabwiti, watu wa dini ya jadi ya Gabon, na mzizi wao wa iboga, watu wa Amazoni na kinywaji chao cha ayawaska, Washangana wa Msumbiji na Afrika Kusini walikuwa na mnanaha kwenye unyago wa mabinti, wana wazee wao na miiko yao. Wewe una pakiti iliyokuja na basi. Iboga inavuruga umeme wa moyo, mtu anaweza kudondoka akafa. Ayawaska ukiichanganya na aina nyingi za vidonge vya sonona inaweza kukuua. Uyoga wa porini ukikosea aina, unatapika baada ya saa sita au zaidi, unapata nafuu, mnashangilia, kumbe ini linakufa. Yeyote aliyetapika baada ya uyoga aje hata kama amepona, narudia, hata kama amepona.

Mbona wengine wanazimia bila kunywa kitu, wamefukizwa tu?

Kwa sababu mmewafungia kwenye chumba na jiko la mkaa! Shuka juu ya kichwa, dirisha limefungwa, chetezo mbili. Moshi wa mkaa una gesi isiyo na harufu inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni, kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, anaanguka, na hapo mnasema ruhani ameridhika. Toeni mtu nje kwenye hewa, na mganga naye atoke maana yupo kwenye moshi huohuo. Afu njooni.

Nikija nije na nini?

Njoo na mabaki ya dawa yenyewe, chupa, mbegu, majani, hata sufuria ambalo halijaoshwa. Saa aliyokunywa. Vidonge anavyotumia vya presha, kifafa au chochote. Yule aliyekuwepo, sio yule aliyesimuliwa, na kama mganga mwenyewe anakubali kuja aje, wapo wawili huku kwetu wananiletea wagonjwa kabla hawajawagusa na tunasalimiana vizuri tu. Na mletee viatu, maana wengi wanafika pekupeku, na siku ya pili akili ikirudi kitu cha kwanza anachouliza ni viatu vyake viko wapi.