Z93.3 Ni Nini? Maswali Kuhusu Namba za Kolostomi na Magonjwa ya Utumbo

Mama katoka wodini, karatasi yake imeandikwa C20 na Z93.3. Ni nini hizo?

Ni namba za ugonjwa. Zinatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, iliyoanza kutumika mwaka 1994. Herufi ya mwanzo ndiyo inayokuonyesha uko mtaa gani: C ni saratani, K ni mfumo wa chakula, Q ni kasoro za kuzaliwa nazo, Z ni hali ambazo si ugonjwa ila mhudumu anatakiwa azijue. Kwa hiyo mama ana saratani ya rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana (C20), na ana kolostomi, yaani utumbo mpana umefunguliwa tundu kwenye ukuta wa tumbo ili choo kiingie mfukoni (Z93.3).

Mbona mbili, na shida ni moja?

Hapo ndipo tunapokosea hata sisi tunaojaza fomu kila siku. Kolostomi si ugonjwa. Ukiandika Z93.3 peke yake umesema mtu ana mfuko, hujasema kwa nini.

Chukua benchi moja la kliniki ya upasuaji. Mzee utumbo ulijisokota ukaziba: K56.2. Pembeni yake kichanga aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa: Q42, na tarakimu inayofuata huonyesha kama kuna njia nyingine choo kinapopenya. Halafu mtoto wa miaka miwili mwenye ugonjwa wa Hirschsprung, yaani kipande cha utumbo wake hakina neva za kusukuma choo: Q43.1. Wote watatu ni Z93.3, mifuko yao inafanana, lakini hakuna hata wawili wanaosubiri operesheni moja. Kichanga anasubiri kutengenezewa njia, yule wa miaka miwili anasubiri kuondolewa kipande kibovu.

Z93.2 je?

Hiyo ni ileostomi, tundu la utumbo mwembamba. Wengine huipata baada ya homa ya matumbo (A01.0) kutoboa utumbo. Usidharau tofauti ya tarakimu moja: choo cha ileostomi ni majimaji, huunguza ngozi, na mgonjwa hukaukiwa maji upesi. Nesi akisoma 3 badala ya 2 anaweza asiulize mfuko umemwagwa mara ngapi tangu asubuhi.

Tundu limezama ndani na mfuko haushiki. Bado ni Z93.3?

Hapana. Z93.3 ni ya tundu lisilo na matata. Likizama, likibana au likichomoza kupita kiasi, ni K91.4. Ukitafuta mtandaoni utakutana na K94.0, hiyo ni ya toleo la Marekani, usimbishie karani wako kwa ajili yake. Mgonjwa akija kusafishwa tundu au kulifunga, ni Z43.3.

Namba zisikucheleweshe lakini. Tundu likigeuka jeusi, au choo kikikata huku tumbo linajaa na anatapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tundu likishafungwa?

Z93.3 inakoma. Kosa la kawaida ni karani kunakili fomu ya mwezi uliopita, mtu akaendelea kuwa na mfuko kwenye karatasi wakati tumboni amebaki na kovu tu. Bima nayo ikiona maombi ya mifuko yamekoma na namba ipo, au kinyume chake, madai yanarudi.

Nimeona 2B92. Ni ugonjwa mwingine?

Ni saratani ya rektamu ile ile, kwenye orodha mpya ya ICD-11 iliyoanza rasmi Januari 1, 2022. Nchi zinahamia kwa kasi tofauti, kwa hiyo unaweza kukuta zote mbili kwenye faili moja.

Ofisini wanataka fomu yangu. Wataelewa?

Mwenye simu ataelewa kwa sekunde chache. Namba inaonekana kama siri na siyo. Kama kazini wanachohitaji ni siku za mapumziko, mwombe daktari cheti kinachotaja siku tu, na fomu yenye C20 ibaki kati yako, hospitali na bima.