Mfuko wa dawa wa mama wa Kadutu

Majuma mawili yaliyopita mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliingia chumbani kwangu akishikwa mkono na mjukuu wake. Siku tatu hajala, kichefuchefu hakimwachi, na taa zote anaziona za njano. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu dakika nzima: mapigo 38.

"Dokta, mwanzo moyo ulikuwa unarukaruka kama samaki sambaza kwenye wavu. Sasa umenyamaza mno."

Mjukuu akamwaga mfuko mezani. Dawa mbili za moyo: digoksini ya daktari mmoja, amiodaroni ya mwingine. Kila dawa peke yake ilimfaa.

Mama alisema kweli kuhusu sambaza. Katika ugonjwa wake, vyumba vya juu vya moyo havijikazi, vinatetemeka mara 350 hadi 600 kwa dakika. Digoksini haiondoi mtetemo huo. Inabana njia ya umeme inayoshuka vyumba vya chini, ili navyo visikimbizwe. Amiodaroni ndiyo inayoweza kurudisha mpigo wa kawaida. Kwa hiyo kuziunganisha kuna maana, na mimi mwenyewe huziunganisha. Lakini amiodaroni huzuia mwili kuitoa digoksini, nayo hujaa kwenye damu hadi kuwa sumu: ndipo kichefuchefu, taa za njano na mapigo machache kama ya mama. Ndiyo sababu siku ile ile unapoanza amiodaroni, digoksini unaikata nusu. Kwenye karatasi za mama hapakuwa na neno hilo.

Sisi wa Bukavu tuna ukaribu na habari hii. Gome la kinkina la mashamba ya Kivu, linalotoa kwinini, lina pia ndugu yake, kwinidini. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja alimweleza daktari Mholanzi Karel Wenckebach kwamba akimeza kwinini moyo wake hutulia. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini ina nguvu zaidi. Kwa miaka mingi madaktari waliitoa pamoja na digoksini, na mwishoni mwa miaka ya 1970 tu ndipo ilipogunduliwa kwamba inapandisha digoksini ya damuni karibu mara mbili. Wagonjwa wangapi walitapika wakaambiwa ni tumbo? Swali hilo linaniuma.

Muungano ninaouogopa zaidi ni wa dawa mbili zinazochelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, kama kwinidini na amiodaroni. Moyo unaweza kuingia kwenye mbio mbaya, mtu akaanguka ghafla. Dawa ya kukojosha ikiwa imemaliza potasiamu mwilini, hatari inapanda. Kwinini ya malaria nayo imo katika hesabu hii: mgonjwa wa moyo anayewekewa kwinini amwambie muuguzi dawa zake zote kabla chupa haijatundikwa.

Mama tulimlaza, tukasimamisha dawa zote mbili, tukampima umeme wa moyo (elektro) asubuhi na jioni. Amiodaroni hukaa mwilini majuma mengi, hivyo sikuwa na haraka ya kumrudishia chochote. Siku ya nne aliomba fufu. Mapigo yalikuwa 64, na balbu juu ya kitanda, akasema, imekuwa nyeupe.

Jumatatu anarudi kupimwa damu, maana anameza pia warfarini ya kuzuia damu kuganda, na amiodaroni iliyobaki mwilini inaizidishia nguvu. Nimemwomba mjukuu aje na mfuko mzima, hata vidonge vya sokoni.